Soma Ile Namba Kwenye Fomu ya Hospitali

Wasee, leo si udaku. Ukitoka hospitali na karatasi, wengi wetu tunaangalia vitu viwili tu: dawa na bei. Pale pameandikwa kitu kama M54.2 tunaruka. Mimi naona hapo ndipo tunaumia.

Hizo ni namba za magonjwa. Orodha yake hutolewa na Shirika la Afya Duniani, WHO, na inaitwa ICD. Mifano yangu ni ya toleo la 10. M ni kundi la mifupa, misuli na viungo. M54.2 ni maumivu ya shingo, basi. Haisemi yanatoka wapi. M48.02 ni kitu ingine kabisa: 48.0 ni kufinyika kwa mfereji wa uti wa mgongo, na ile 2 ya mwisho inasema ni shingoni.

Ndani ya mifupa ya shingo kuna njia inayopitisha neva kuu kutoka kwa ubongo. Kwa mtu mzima huwa na upana wa milimita 17 hivi. Ikishuka chini ya 13, madaktari wanaihesabu nyembamba. Chini ya 10 ni mbaya zaidi. Neva ikifinywa, shingo inaweza hata isiume sana. Mikono ndiyo inakufa ganzi, na ukitembea unayumba.

Mjomba wangu ni fundi wa nguo, na alifika mahali hawezi kufunga vifungo vya shati yake mwenyewe. MRI ikaonyesha njia imebana, daktari akamwambia hivyo kwa mdomo. Lakini fomu iliyoenda kwa bima ilibaki na M54.2 ya siku ya kwanza. Bima ikakataa upasuaji. Kusema ukweli, kwa karatasi ile hata mimi ningekataa. Wiki tatu alizungushwa, hadi karani mmoja akaona MRI inasema hivi na namba inasema vile. Na neva iliyobanwa muda mrefu huenda isirudi sawa hata baada ya upasuaji. Hizo wiki si za kuchezea.

Si kila M54.2 ni makosa. Kabla ya picha, daktari anaandika anachojua. Shida ni picha ikishakuja na namba ibaki pale pale. Na usiombe uandikiwe ugonjwa mzito ndio bima ilipe. Huo ni wizi, na utakaa kwa rekodi zako.

Uliza tu kwa heshima: "Daktari, hii namba inamaanisha nini, na inalingana na majibu ya MRI?" Kisha piga picha ya fomu kabla haijaenda. Wazazi wetu wengi hawatauliza, wanaogopa kuonekana wanamfunza daktari kazi. Lakini sisi ndio tunawasindikiza, na simu tuko nazo mkononi. Tuwaulizie.