Samaki Niliyemfuta Ubaoni

Ndugu msomaji,

 

Mwenye kusomesha watoto huwa na madeni asiyoyajua, mpaka siku mdai mwenyewe anapobisha hodi. Mimi nimesomesha chuoni hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka 40, na umri wangu umepita 60. Mdai wangu alikuja alasiri moja, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, amebeba mkoba wa karatasi na penseli. Nataka nikusimulie habari yake, kwa sababu ndani yake mna kosa langu. Kosa la mzee likisimuliwa huwafaa vijana. Likifichwa hufa naye bila ya kumfaa mtu.

Kwanza nikujuvye mahali. Wewe uliyeko Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja huenda ukadhani kwamba Mwanza ni bara tupu. Sivyo. Reli kutoka Tabora ilifika hapa mwaka 1928, na wazee wengi wa pwani walikuja nayo, na wengine kabla yake, wakaleta biashara, kanzu na chuo. Babu yangu alitoka Pangani. Bahari hakuiona tena, lakini alijenga karibu na ziwa, kwani mtu wa pwani hapati usingizi asiposikia wimbi, japo ni wimbi la maji baridi.

Mwaka 1989 nilikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa, mtoto wa mvuvi. Kusoma alisoma vizuri, lakini mkono wake haukutulia. Kila palipokuwa na mkaa na ukuta, palikuwa na bata, mtumbwi au samaki. Siku moja nilimwandikia somo lake ubaoni, nikageuka kumsikiliza mwenziwe. Niliporejea nikakuta kando ya aya amechora samaki, mapezi yamesimama na jicho linatazama.

Nikaona hiyo ni kukosa adabu mbele ya maneno ya Mwenyezi Mungu, na hapo nilikuwa na haki. Lakini sikuishia hapo. Nilimpiga viganjani mbele ya wenzake, nikamfuta yule samaki kwa mkono wangu, nikamwambia kwamba wachoraji ni watu wa Motoni, na kwamba Siku ya Kiyama ataamrishwa ampulizie roho samaki wake, na hataweza.

Mtoto hakulia. Kesho yake hakuja. Mama yake akaja kuniuliza, nami nikamjibu, "Arudi akishatubu." Mtoto wa miaka tisa, atubie nini? Hakurudi. Nami nikaendelea na kazi yangu, nikiamini kwamba nimeilinda dini.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Methali hii nimeitumia mara nyingi kuhalalisha fimbo yangu. Sikupata kufikiri kwamba hata aliye mbichi, ukimkunja kwa nguvu, hukatika.

Basi alasiri ile nikasikia hodi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nani mwenzangu?"

Akataja jina lake na la marehemu baba yake. Moyo ukanipiga, nikadhani amekuja kunilaumu. Kumbe alikuja kuuliza habari za samaki.

"Maalim, mimi kazi yangu ni kuchora vitabu vya watoto," alisema. "Nimepewa hadithi ya furu, na nataka kujua zamani walikuwa na rangi gani. Wazee wameniambia wewe ulikuwa mvuvi sana utotoni."

Ndugu msomaji wa pwani, furu ni samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nao walikuwa aina kwa mamia. Sisi watoto wa miaka ya 1960 tulikuwa tukikaa juu ya majabali na ndoana na nyungunyungu, na jioni tunarudi na ndoo iliyojaa. Kisha akaja sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Akaongezeka mno, na maji nayo yakazidi kuchafuka, na ilipofika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zikatoweka. Baadhi yao wamerudi, lakini mtoto wa leo anamjua sato, sangara na dagaa. Furu ukimtajia atakuuliza ni mnyama gani.

Nikafumba macho nikamweleza. Dume lilikuwa na rangi za kupendeza, mengine buluu, mengine mekundu, mengine manjano, na katika pezi la chini karibu na mkia lilikuwa na matone ya njano mfano wa mayai. Jike lilikuwa la kijivu, halina pambo. Lakini jike hilo ndilo linaloweka mayai yake kinywani, na watoto wakianguliwa hukaa humo humo, na siku zote hizo mama hali chakula. Nilimweleza kwamba nilipokuwa mdogo nilimtia jike mmoja ndani ya ndoo, akafungua kinywa, wakatoka watoto mfano wa punje za mtama, wakatawanyika majini. Nikambeba na watoto wake nikawarudisha ziwani.

Yeye akichora, mimi nikimrekebisha. "Pezi la mgongoni lirefushe. Jicho liwe kubwa zaidi." Neno hilo la jicho liliponitoka, nikashtuka. Samaki aliyekuwa mbele yangu ndiye yule yule niliyemfuta mwaka 1989, na sasa mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiagiza jicho lake.

Nikamwomba radhi. Hakuona haya kunijibu, wala hakunivunjia heshima. Alisema, "Maalim, kuchora penye aya nilikosa adabu, na viganja nilishavisahau. Lililonikaa ni moja. Ulinifutia ubao, lakini hukunionyesha pa kuchorea."

Juma lililofuata nilimwendea nyumbani kwake, karibu na mwalo wa Kirumba, penye soko la samaki na dagaa. Nilitaka kuijua kazi niliyoihukumu bila ya kuijua. Nami nakuelezea kama nilivyoiona.

Mchoraji hupewa mswada, yaani maneno matupu. Huusoma mara nyingi mpaka aijue hadithi kama aliyeizaa. Kisha huugawa kwa kurasa. Kitabu cha mtoto mara nyingi huwa na kurasa 16, 24 au 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa na kukatwa, haitoi kurasa kwa idadi yoyote mtu apendayo. Huchora kwanza kwa penseli, akaacha nafasi ya maneno, akajihadhari asiweke uso wa mtu penye mkunjo wa kitabu, maana pini zitaumeza. Mtoto aliyevaa kanzu nyeupe ukurasa wa kwanza lazima awe na kanzu ile ile na uso ule ule mpaka mwisho, kwani msomaji mdogo haachi kuona. Michoro huenda kwa mhariri, ikarudi na masahihisho, akachora tena. Ndipo hutia rangi. Naye alinionyesha jinsi buluu ya ziwa aliyoihangaikia siku mbili ilivyotoka mtamboni imefifia kama kanga iliyofuliwa mara mia.

Nikamwuliza kwa nini alisumbuka kuja kwangu, na samaki angeweza kumbuni. Akanitolea kitabu cha zamani chenye picha ya mvuvi wa Mwanza. Mvuvi yule alikuwa amepanda ngalawa yenye matengo mawili! Wewe wa pwani unaijua ngalawa. Huku ziwani haiko. Wavuvi wetu wana mitumbwi ya mbao isiyo na matengo. "Maalim," akasema, "mtoto wa hapa akiiona picha hii atajua kwamba kitabu kinamwongopea, na pengine hatakiamini hata kinaposema kweli. Na mtoto wa mbali ataamini uongo." Kwa hiyo akitaka kuchora wavuvi wa dagaa huenda mwaloni usiku usio na mbalamwezi, akatazama taa zinavyotandazwa juu ya maji, na asubuhi akatazama akina mama wanavyoanika. Siku hizi kuna kompyuta inayotoa picha kwa kuamrishwa kwa maneno tu. Lakini kompyuta haikupata kumtia furu ndani ya ndoo, na yule aliyemtia akishakufa hakuna wa kumwuliza.

Hapo nilikumbuka wanazuoni wa Hadithi, waliosafiri miezi kuisikia riwaya moja kutoka kwa aliyeisikia. Simsawazishi mchoraji na hao. Lakini uaminifu ni mlango mmoja, na kila mwenye kazi huuingia kwa kazi yake.

Kisha akaniambia habari za riziki. Mchoraji aghalabu hulipwa mara moja tu, na kitabu kikichapwa tena yeye hapati kitu. Mchapishaji mmoja aliwahi kumlipa nusu, na nusu ya pili haijaonekana mpaka leo. Mwengine alisahau hata kuandika jina lake. Miezi isiyo na kitabu huandika majina ya mitumbwi, mabango ya maduka, na picha za viungo vya mwili katika kuta za shule. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inaitambua michoro kuwa ni mali ya aliyeichora, katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Lakini sheria haimfai asiyeijua, wala aliyetia saini karatasi asiyoisoma kwa kuwa watoto wana njaa. Nasi tumeusiwa na Mtume s.a.w. kwamba mfanya kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wino je, nao usikauke mara ngapi?

Wako waliosaidia. Mwaka 1991 ulianzishwa Dar es Salaam Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliowafunza waandishi na wachoraji, na ambao katika nakala 5,000 za kitabu ulikuwa ukinunua 3,000 na kuzipeleka mashuleni. Na wako waliofika mbali. John Kilaka, aliyezaliwa Sumbawanga mwaka 1966, alikwenda vijijini kwao kusikiliza hadithi za wazee, akazichora kwa mtindo wa Tingatinga, na vitabu vyake vikasomwa Ulaya na Marekani. Naye pia alianzia kwa wazee.

Sasa, ndugu msomaji, najua swali lililoko moyoni mwako: je, si haramu? Hapa sitoi fatwa. Maonyo juu ya wenye kuunda sura yamethibiti, wala sitayapunguza kwa sababu ya huruma. Lakini nilipompiga yule mtoto nilimsomea nusu ya mlango. Sikumwambia kwamba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora, baada ya kumwonya alimwonyesha njia: achore miti na visivyo na roho. Sikumwambia kwamba Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake, hata farasi mwenye mbawa, na Mtume s.a.w. akamwona nao akacheka. Sikumwambia kwamba wanazuoni wamekhitalifiana, na kwamba wako walioruhusu picha za kufundishia watoto. Wala sikumwambia kwamba Waislamu walikuwa na Kalila na Dimna, hekima katika vinywa vya wanyama, ambayo Ibn al-Muqaffa aliifasiri kwa Kiarabu katika karne ya 8, na nakala zake zikatiwa picha. Au kwamba al-Wasiti wa Iraq aliyachora Maqamat ya al-Hariri mwaka 1237. Au kwamba waandishi wa Siyu, hapo hapo pwani kwenu, waliipamba misahafu kwa wino mweusi na mwekundu na wa njano. Mkono ule ungeweza kupamba msahafu. Mimi niliupiga.

Siku hizi chuoni kwangu pana kanuni. Ubao ni wa aya, na haichorwi humo hata nukta isiyokuwa ya herufi. Lakini pembeni pana sanduku la karatasi, na mtoto aliyemaliza somo huchukua moja. Wengi huchora nyumba na majahazi. Nikiona mkono wenye kipawa humwita baba yake.

Basi nakuusia mambo matatu. Ukimkataza mtoto mlango mmoja, mwonyeshe mwengine. Ukimnunulia kitabu, tazama jina la aliyekichora, umtajie mtoto, ajue kwamba picha hazioti kama uyoga. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kumpa mtu kazi hiyo, mlipe kamili, kwani kumdhulumu mwenye kuwafundisha watoto ni kuwadhulumu watoto.

Limebaki moja, na hilo ndilo linaloniamsha usiku. Tulipokuwa tunaagana niliuliza alifika wapi katika Qur'ani. Akanijibu kwa utulivu kwamba aliishia pale pale alipoachia siku ile. Hakukhitimu. Nikamwambia, "Mwanangu, mlango haujafungwa. Njoo baada ya Alasiri, tuanzie somo lile lile."

Akasema, "Inshallah, Maalim, nikimaliza furu."

Bado hajaja. Kila Alasiri naitazama njia, wala sina haki ya kumharakisha. Kitabu chake kitakapotoka nitakinunua kwa fedha zangu, niwasomee watoto wote chuoni, na jina lake nitalitaja kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakunja kwa nguvu, na atupe umri wa kutengeneza tulichoharibu. Wabillahi tawfiq.