Mtandao wa Shule na Neno la Siri

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazazi msomao gazeti letu, tumeambiwa ya kuwa kompyuta za shule zitaunganishwa na intaneti kabla ya mwaka kwisha. Habari hii imetufurahisha sana sisi wa bweni, maana simu haturuhusiwi kuwa nazo, na hapa Idete aliye bwenini hana mlango mwingine wa kuifikia mitihani ya zamani ya Baraza la Mitihani wala vitabu vilivyomo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Lakini naona tumeanza kushangilia kabla ya kuulizana tutautumiaje.

Binamu yangu asoma katika shule nyingine ya bweni, ambayo sitaitaja. Huko mtandao ulianza vizuri. Kila mwanafunzi alipewa neno la siri, ila neno lenyewe lilikuwa moja kwa wote, nalo liliandikwa kwa chaki ubaoni! Kabla ya mwezi kwisha, kifurushi cha muhula mzima kilikuwa kimemalizika. Watu walikuwa wakitazama mpira na sinema usiku. Saa moja ya sinema yaweza kula karibu gigabaiti nzima, ilhali karatasi moja ya mtihani wa zamani ni ndogo mno hata haihesabiki. Kisha mtu akaandika matusi juu ya msichana wa kidato cha pili, akatia jina la kijana mwingine. Nani kafanya? Hapakuwa na njia ya kujua, kwa kuwa wote waliingia kwa neno moja. Chumba kikatiwa kufuli, na watu wa kidato cha nne, ambao wengi wao hawakukosa lolote, wakaufikia mtihani wa Novemba bila ya kukiingia tena.

Wengine husema dawa ni kubandika kanuni nyingi ukutani. Mimi sioni hivyo. Wakulima wa mpunga wajua ya kuwa maji ya mfereji hugombewa pale pasipo zamu. Zamu ikiwapo, kila mtu hujua saa hii maji ni ya nani. Basi kila mwanafunzi na apewe jina lake na neno lake la siri, wala asimwazime hata rafiki alalaye kitanda cha juu. Kuazimana huko si ukarimu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahesabu kuwa ni kosa mtu kujifanya mwingine kwa kutumia kompyuta, na aliyetoa neno lake ndiye atakayeulizwa kwanza.

Tena tusidhani ya kuwa mtandao hauna mwisho. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, ziliharibika, na mtandao ukalegea nchini kote. Ikiwa nchi yagawana njia chache namna hiyo, sembuse chumba chenye kompyuta kumi?

Walimu wetu nawaomba jambo moja: watazame muda na kiasi atumiacho kila mtu, ila barua ambayo mwanafunzi amwandikia mama yake wasiisome.

Na mpira? Sikatai mpira, mimi mwenyewe naupenda. Jumamosi jioni, kwa kompyuta moja na projekta iliyoelekezwa kwenye ukuta mweupe wa bwalo, shule nzima yaweza kuona mechi kwa gharama ya mtazamaji mmoja.