Pigo la Mchungaji

Mchezo wa esheki uko na pigo moja ambalo Wafaransa wanaita « le coup du berger », ndiyo kusema pigo la mchungaji. Si mchungaji wa kanisa, ni ule wa kondoo. Linapita mbio: pioni ya mfalme inatangulia, fu anatoka, malkia anafuata, na mara ya nne malkia anakula pioni ya f7. Ile pioni, pale mwanzo, inalindwa na mfalme peke yake. Basi, mchezo umekwisha.

(Fu kwa Kifaransa ni mwenye wazimu. Waingereza wanamwita askofu. Lakini jina lilitoka kwa Kiarabu, al-fil, maana yake tembo! Kila watu na macho yao.)

Mkubwa mmoja wa mwaka wa sita alikuwa anapiga wadogo wote vile kila Jumamosi. Kwetu internati anayeshinda ndiye anabaki mezani, na yeye alibaki siku zote. Wadogo wa mwaka wa kwanza wakaacha kuja. Jambo hilo lilinisumbua sana.

Siku moja nikakaa mbele yake na nyeusi. « Yaya, tuanze. » Pioni, fu, kisha malkia mpaka h5, sawa kawaida yake. Farasi wangu mmoja alikuwa amekwisha kutoka kulinda pioni ya e5. Nikasukuma pioni ya g6, malkia akarudi f3, bado anatazama f7. Nikafunga njia kwa farasi wa pili. Akaenda b3. Farasi wa kwanza akaruka d4 kumfukuza. Hapo fu wake akala f7, esheki! Wenzangu wakapiga kelele. Mfalme wangu akasogea e7, malkia akakimbilia c4 kulinda fu, nami nikasukuma pioni ya b5. Malkia akahama tena, mfalme wangu akakula fu.

Hesabuni: kwa miendo minane malkia wake alitembea mara tano, na farasi wake wawili walikuwa wangali nyumbani.

Tulicheza mpaka kengele ya chakula cha mangaribi. Akalaza mfalme wake, akasema: « Mdogo, nionyeshe tena ile ya farasi. » Nikaonyesha, na wadogo watatu waliokuwa wanachungulia dirishani wakaingia.

Sasa anayeshinda mara mbili anasimama, wengine wacheze. Pioni moja nyeupe imepotea, tunatumia kifuniko cha chupa. Atakayeiona airudishe, tafadhali.