Besi Moja, Mawifi Wawili

Akina mama wenzetu hutuuliza, tukutanapo sokoni au katika vikao vya umoja wa wanawake, ilikuwaje hata sisi, wake za watu na wenye watoto, tukaingia bendi na kupiga gitaa. Tena si gitaa jepesi la kufuatisha pambio, bali besi, lile refu la nyuzi nne ambalo kwa kawaida hushikwa na kijana mmoja asiyecheka, aliyesimama nyuma karibu na ngoma. Tumeona ni vema tueleze mara moja kwa wote, kwa maana wengine wanaotuuliza hawashangai tu. Tunawaona machoni kwamba wanatamani.

Sisi ni mawifi, tunaishi Morogoro. Mmoja wetu ameolewa na kaka wa mwingine na anakaa kwa mama mkwe. Huyo mwingine ameolewa nyumba ya tatu kutoka hapo. Tuna watoto watano tukiwajumlisha, na katika kuwalisha na kuwakanya huwa tunawajumlisha. Gitaa lilikuwa la huyo kaka, ambaye alilipiga katika kwaya ya vijana kabla ya kuoa. Mwaka 2014 alipata kazi Geita, akaliacha juu ya kabati limefungwa kwa shuka kuukuu. Likakaa huko karibu mwaka mzima, likishushwa siku za kufuta vumbi tu.

Hatutaki kusema kwamba tulisikia wito. Tulianza jioni moja umeme ulipokatika, watoto wamelala, na mikono haina la kufanya. Besi ya umeme bila amplifaya hulia kama mbu nje ya chandarua, lakini kichwa cha gitaa kilipogusa mlango wa kabati, kabati zima likaitika. Ukikandamiza kichwa cha besi kwenye ubao mkubwa, ubao hutetemeka pamoja na uzi na kuikuza sauti. Kwa miezi mingi kabati la nguo ndilo lililokuwa spika yetu, na mama, chumba cha pili, akidhani tunasukuma vitanda.

Mwalimu wetu alikuwa mwenye gitaa, kwa simu kutoka Geita, Jumapili jioni. Kwa kuwa sote tulikuwa tumeimba kwaya, alitufundisha kwa lugha ya do, re, mi. Nyuzi za besi huitwa E, A, D na G, kuanzia ule mnene hadi mwembamba. Shingoni zimepangwa freti, vile vyuma vidogo vya kupimia sauti. Ukiweka do yako kwenye uzi mnene kabisa, freti ya 3, basi fa iko uzi unaofuata, freti ile ile ya 3, na so iko kwenye uzi huo wa pili, freti ya 5. Umbo hilo la vidole halibadiliki. Mwimbishaji akipandisha wimbo, unasogeza mkono mzima kuelekea kwako, basi. Pambio nyingi tunazoimba hukaa ndani ya sauti hizo tatu. Ndiyo maana mama mwenye nusu saa kwa siku anaweza, kwa mwaka mmoja, kuwa mpiga besi wa kufaa. Hatusemi hodari, tunasema wa kufaa. Sugu za vidole hazina njia ya mkato, ila aliyezoea kuepua sufuria bila kitambaa ana pa kuanzia.

Mkono mdogo usiwatishe. Uzi wa besi ya kawaida, ile sehemu inayolia, una urefu wa inchi 34, lakini yapo magitaa ya inchi 30, na mwanamke mfupi atayaona rafiki zaidi. Letu ni la 34. Mmoja wetu hulifikia kwa shida freti ya kwanza, hivyo amejifunza kupita mbali nayo.

Mama alipogundua si vitanda, alisema maneno mawili. La kwanza, gitaa si kazi ya mwanamke. La pili, mawifi wawili kwenye gitaa moja watagombana, na yeye hatakuwa mwamuzi. Kwa lile la kwanza tulikuwa na majibu. Tulimkumbusha Miriamu na tari lake katika Kutoka 15, na wanawake wote waliomfuata nyuma. Tena besi yenyewe ni changa. Ile ya umeme iliyoenea duniani, ya Leo Fender wa California, ilitoka mwaka 1951, na hapakupita miaka mingi kabla ya wanawake kuishika. Carol Kaye wa Los Angeles, mama mwenye watoto wa kulea, alikuwa mpiga gitaa la kawaida. Mwaka 1963 mpiga besi mmoja hakutokea studio, yeye akaombwa kushika nafasi yake, na tangu hapo akapiga besi katika maelfu ya rekodi. Hapa kwetu Afrika, mwaka 1961, askari wanawake wa Guinea waliunda bendi yao wenyewe, Les Amazones de Guinée, na mwaka 1977 walipiga Lagos kwenye tamasha kubwa la sanaa la FESTAC. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza hao wanawake wa Guinea waliwaachia nani watoto. Swali hilo lilikuwa zito kuliko yote, na ndilo lililotuongoza baadaye.

Maana besi haipigwi peke yake. Mwenye kinanda anaweza kukaa sebuleni akajiburudisha hadi usiku, lakini besi bila wimbo juu yake ni msingi wa nyumba uliosahauliwa kiwanjani. Ilitubidi kutafuta watu.

Kwaya kuu ya usharika wetu ilikuwa na mpiga besi wake, kijana mzuri mwenye afya njema, wala hatukumwombea vinginevyo. Tukasikia bendi moja ya mjini, ya kupiga kwenye harusi na sherehe za kumuaga bi harusi, ina nafasi. Tulikwenda wawili, tukapokewa kwa soda. Tuliuliza mambo ambayo mwanamke yeyote mwenye nyumba angeuliza: mazoezi ni siku gani na yanakwisha saa ngapi, tukimaliza usiku nani anatufikisha nyumbani, fedha inagawanywa vipi na kwa maandishi gani. Mazoezi yalianza saa 3 usiku. Usafiri kila mtu alijitegemea. Habari ya fedha ilijibiwa kwa kicheko, na kiongozi akaongeza kwamba mavazi ya jukwaani watatuchagulia wao. Tulimaliza soda, tukashukuru. Walikuwa wanapiga vizuri mno, na njiani tulinyamaza kwa sababu hiyo.

Ndugu msomaji, ikiwa utachukua neno moja kutoka kwetu, chukua hili la kuuliza saa kabla ya kuuliza nyimbo. Nyimbo hujifunza mtu yeyote. Saa ikishindana na nyumba yako, saa itashindwa, na utaacha bendi katikati watu wakikutegemea.

Miezi minne baadaye, kwenye ubao wa matangazo wa usharika mwingine tulikokwenda kwa semina, palikuwa na karatasi ya daftari: bendi ya uinjilisti inahitaji mpiga besi, mazoezi Jumanne na Alhamisi saa 10 hadi saa 12 jioni. Tuliisoma ile saa 10 mara mbili.

Tulikuta watu sita kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Mpiga ngoma alikuwa mzee mstaafu wa reli, aliyekulia mji huu zama za Morogoro Jazz na Cuban Marimba, kabla hajaokoka, kama anavyopenda kukumbusha. Kiongozi aliuliza nani kati yetu anapiga. Tukasema sisi. Akasema bendi ina besi moja. Tukasema hata sisi tuna gitaa moja. Tukamweleza mpango: wote wawili tutajifunza kila wimbo, atakuja mmoja na mwingine atabaki na watoto watano, na bendi haitakosa besi hata siku moja kwa sababu ya mtoto mwenye homa. Kiongozi akakuna kichwa, akasema bendi si zamu ya wauguzi.

Aliyetuokoa ni mzee. Alisema tupige kwanza, mmoja mmoja, pambio ile ile. Hakutazama mikono yetu, alifumba macho na kukanyaga ngoma ya mguuni. Baadaye ndipo tulipoelewa alichokuwa akikitafuta. Besi na ngoma ya mguuni ni kama mchi na kinu. Vikipishana kidogo tu, waimbaji hawatajua kilichoharibika, ila watachoka upesi na wimbo utakimbia. Mpiga besi mpya hujaribiwa hapo, si kwenye mbwembwe. Mzee akafumbua macho akasema, "Hawa wanausikia mguu wangu. Vijana wote waliokuja walikuwa wanajisikia wenyewe." Tukapewa miezi mitatu ya kutazamwa.

Nyumbani kulikuwa na mambo mengine. Mume wa Geita alipewa habari kwa simu, akakaa kimya hadi tukadhani laini imekatika, kisha akauliza kama tumebadilisha nyuzi. Yule wa nyumba ya tatu alikuwa na wasiwasi zaidi, na hatumlaumu. Mke anayerudi jioni na gitaa mgongoni hupita mbele ya vibaraza vingi, na kila kibaraza kina neno lake. Hakukataza. Alisema tu kwamba hawajui hao watu. Basi tuliwaalika kiongozi na mkewe, pamoja na mzee wa reli, Jumamosi moja kwa chai na maandazi. Wakaja, wakakaa saa mbili, mzee na baba wa nyumba wakazungumza habari za reli mwanzo hadi mwisho, na jambo likaisha bila kuzungumzwa. Mama unayetaka kuingia kikundi chochote, iwe bendi au chama cha kuweka na kukopa, usiwe na siri ya watu wake. Walete wanywe chai kwako.

Mama mwenyewe alikuja kusikiliza mara ya kwanza kwenye sikukuu ya mavuno. Alirudi akilalamika: solo amelisikia, kinanda amekisikia, sisi hakutusikia hata kidogo. Wiki iliyofuata tulimchukua mazoezini. Mzee, kwa utundu wake, alituashiria tunyamaze katikati ya pambio huku wengine wakiendelea. Mama akageuka pale kwenye benchi akauliza kwa sauti, "Mbona wimbo umekonda?" Bendi nzima ilishindwa kuimba kwa kucheka. Tangu hapo husema besi ni chumvi, na siku za mazoezi yeye huwachukua watoto wawili wadogo bila kuombwa.

Lakini utabiri wake wa pili, ule wa kugombana, haukuwa bure kabisa. Zamu za Jumapili za kawaida hazina shida. Shida ni siku kubwa. Mwaka 2019 bendi ilipata nafasi ya kurekodi nyimbo sita, siku moja, studio ya kulipia kwa saa. Kiongozi alitaka mkono mmoja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na alikuwa na haki. Usiku ule tulikaa jikoni muda mrefu. Tulizungumza habari ya kupiga kura, tukazungumza ya kumwachia mkubwa, ikafika mahali tukawa tunaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Mwishowe tulimwomba mzee aseme. Alitaja jina bila kupepesa, akatoa na sababu: mmoja wetu anashikilia mwendo vizuri zaidi akiwa na hofu. Hatutasema ni nani. Aliyebaki alikuja studio vilevile, akakaa nje ya kioo na mtoto wa mwenzake mapajani, na wimbo wa tatu ulipochezwa alitoka nje kidogo, akarudi. Iliuma. Tulirudi kwa bajaji moja, gitaa katikati yetu, tukiongea habari za mboga.

Kanda hiyo, tunaiita kanda ingawa imo kwenye simu, inasikilizwa hadi Geita. Aliyeko huko anasema anaweza kututofautisha kwa sauti. Tumemjaribu mara tatu na amekosea mara mbili.

Sasa tunaweka akiba ya nyuzi mpya. Nyuzi za besi ni ghali, seti moja ni fedha ya mboga ya siku nyingi, na zikizeeka jasho na vumbi huingia kwenye mizunguko yake, sauti ikawa ya kufifia. Dawa ya maskini ni kuzivua na kuzichemsha kwa dakika kumi, kisha kuzifuta na kuzikausha kabisa zisipate kutu. Hurudi kung'aa kwa muda. Mama anajua, na amekubali, isipokuwa sufuria ya ugali ametukataza, na ile ya maziwa pia. Imebaki ya kuchemshia maji ya kuoga. Alhamisi hii zamu ni ya mwenye cherehani, kwa hiyo jana usiku sufuria ilikuwa jikoni, nyuzi nne zimejiviringisha ndani, na watoto wamesimama kuuzunguka moto wakiuliza kama hizo zinaliwa.