Ziwa likifungwa, chungu kinalindwa na nani?



Kila mwaka mwezi wa tano ukikaribia, mazungumzo ya sokoni yanakuwa hayo hayo: ziwa litafungwa. Mwaka 2024 nchi nne zinazochangia Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilipanga uvuvi usimame kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Sisi tunaonunua ndagala ufukweni alfajiri, tukawaanika na kuwapeleka soko, tunajua uzito wa miezi hiyo mitatu. Mvuvi akikaa, mama muuzaji naye anakaa. Lakini zamu ya likelemba haikai, na mitihani ya watoto ya mwisho wa mwaka inaangukia humo humo.

Basi wengi wetu tunasema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, sisi tungoje tu wafungue. Juma hili tunapenda kuwaeleza habari za kisiwa kimoja cha mbali sana, ambako watu wa kijiji walifunga maji yao wenyewe. Tumeona humo jambo linalotuhusu.

Kisiwa hicho kinaitwa Apo, nchini Ufilipino. Ni kidogo mno: eneo lake ni hektari 74 tu, na wakaaji wake ni mamia machache, si maelfu. Maji ya kunywa ni ya shida, mengine huletwa kwa mashua kutoka ng'ambo. Bahari ndiyo shamba lao. Chini ya maji yao kuna matumbawe, yaani miamba iliyojengwa na vijidudu vya baharini, na ndani ya miamba hiyo samaki hujificha, hula na kuzaa.

Kufikia miaka ya 1970 shamba hilo lilikuwa limechoka. Watu walivua kwa baruti, kwa sumu, na kwa nyavu za matundu madogo zilizokomba hata watoto wa samaki. Baruti huua samaki wa leo na kuvunja nyumba ya samaki wa kesho. Mvuvi wa Apo akawa anapiga kasia mbali zaidi na kurudi na kidogo zaidi. Sisi tunaoona vyandarua vya mbu vikikokotwa karibu na ufuko hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kulikuwa na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Silliman, Angel Alcala, aliyejifunza mambo ya bahari. Mwaka 1974 yeye na wenzake walikuwa wamesaidia kufunga sehemu ya bahari kwenye kisiwa kingine, Sumilon. Alipofika Apo hakuja na amri. Alikaa na watu, wakazungumza, na wavuvi wakapelekwa Sumilon wajionee kwa macho yao samaki waliojaa mahali palipopumzishwa. Mazungumzo yalichukua miaka, maana nani atakubali kuacha kuvua wakati watoto wana njaa?

Mwaka 1982 jamaa 14 tu zilikubali. Zilichagua kipande cha ufuko chenye urefu wa mita 450 hivi, kama sehemu moja ya kumi ya mahali pa kuvulia, zikasema hapa hatuvui kamwe. Sehemu nyingine zote za maji zilibaki wazi. Kipande hicho kilikuwa mbele ya macho yao, kwa hiyo mtu mmoja aliyekaa ufukweni alitosha kukilinda, na jamaa zilipokezana zamu. Hakukuwa na askari wala mshahara.

Samaki walioachwa walikua. Samaki mkubwa hutaga mayai mengi kuliko mdogo, si mara mbili tu bali mara nyingi. Pakijaa, wengine hutoka na kwenda kwenye maji yaliyo wazi, na hapo mvuvi anawapata kwa haki. Jirani waliokuwa wanacheka wakaanza kuona tofauti, na kufikia 1985 kisiwa kizima kilikuwa kimeingia katika mpango. Wakaweka sheria kwa maji yote yanayozunguka kisiwa: hakuna baruti, hakuna sumu, hakuna nyavu za matundu madogo, na wavuvi wa kutoka nje hawaingii. Baadaye mvuvi wa Apo aliweza kupata kitoweo na cha kuuza karibu na nyumbani kwake, bila kupoteza siku nzima baharini.

Kisha wageni wakaanza kuja kutazama samaki na matumbawe. Wamama wa Apo wakapata kazi: kuuza fulana na vitambaa ufukweni, kupikia wageni, kuwapangisha vyumba. Fedha ya nyumba ikawa haitegemei mtumbwi peke yake. Siku ambayo bahari imechafuka, bado kuna kitu chunguni.

Lakini tusiwadanganye kwamba mambo yalienda vizuri kila mahali. Kule Sumilon, walikoenda kujifunza, ulinzi ulivunjika mwaka 1984. Siasa zilibadilika, watu wakarudi kuvua mahali palipofungwa. Mtu angedhani kwamba wakifungua sehemu zaidi watapata samaki zaidi. Ilikuwa kinyume: katika muda wa miaka miwili mavuno ya wavuvi wa huko yalishuka karibu nusu. Kile kipande kilichofungwa ndicho kilichokuwa kinawalisha.

Apo nayo ilipata majaribu. Mwaka 1994 serikali ya Ufilipino ilitangaza kisiwa kuwa hifadhi ya taifa. Uamuzi ukahamia kwenye baraza ambamo maofisa wana nguvu, na ada za wageni zikapitia serikalini na kuchelewa kurudi kijijini. Watu waliokuwa wameanzisha kazi hiyo walinung'unika kwamba sasa wanaambiwa badala ya kuulizwa. Halafu tufani kubwa za Desemba 2011 na Desemba 2012 zikavunja matumbawe mengi ya kile kipande cha kwanza. Kulinda hakuzuii upepo. Kazi ya miaka thelathini iliumizwa vibaya, na watu wakalazimika kuipa miamba nafasi ya kupona tena.

Sasa turudi kwetu. Hatusemi tuige Apo kama ilivyo. Sisi hatuna matumbawe, na ndagala si samaki wa kukaa mahali pamoja. Wanatembea katika maji mapana, hawajui mpaka wa kijiji wala wa nchi. Ndiyo sababu kufunga kwa pamoja, nchi zote nne kwa wakati mmoja, kuna maana. Tena kupumzisha maji si jambo geni kwetu: mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti ndagala, na mitumbwi hukaa. Lakini samaki wengine wa ziwa letu wanakaa karibu na mawe ya ufuko. Kuhe hutaga karibu na ufuko, na dume na jike wanalinda watoto wao pamoja. Mahali kama hapo panafanana sana na kile kipande cha Apo. Panaonekana kutoka nyumbani, na panaweza kulindwa kwa zamu.

Jambo kubwa tunalojifunza ni hili: maji yaliyofungwa na watu wanaoyala yanalindwa, na maji yaliyofungwa bila wao yanaibiwa usiku. Na wanaoyala si wavuvi peke yao. Mama anayenunua samaki ndiye anayeamua ni samaki gani ana bei. Tukikataa kwa pamoja samaki wachanga waliovuliwa kwa chandarua, chandarua kinarudi kitandani kwa mtoto. Mmoja akikataa peke yake, jirani atanunua. Ndiyo maana lazima tukubaliane kwanza, kama zile jamaa 14.

Kwa hiyo, wamama, tunaleta mashauri matatu mbele ya vikundi vyenu.

La kwanza, kamati ya wavuvi ikikutana kupanga kufunga, wauza samaki wawe na viti ndani yake, si mlangoni. Tuulize mapema: nani atalinda, faini inaenda wapi, na mjane anayeishi kwa kuanika ndagala atakula nini?

La pili, kila likelemba ianze mwezi wa pili kutenga kisanduku cha miezi ya kufungwa. Hata franka kidogo kila juma, zikikusanywa kwa miezi mitatu, zinaweza kununua mbegu ya maharagwe, kuku wa kufuga, au unga wa muhogo wa akiba. Sombe tunayo shambani. Kinachokosekana ni cha kuiandamana. Mama asiye na akiba ndiye wa kwanza kununua samaki wa wizi, na hatuwezi kumlaumu.

La tatu, kila kijiji kizungumze na wazee na wavuvi wake kuhusu mahali pamoja padogo penye mawe, ambapo samaki wanazaa, paachwe mwaka mzima. Pawe padogo kiasi kwamba mtu mmoja akikaa ufukweni anapaona pote.

Zungumzeni katika vikundi vyenu juma hili, mtuletee majibu kwenye kikao kijacho, hata ya kupinga. Wale wa Apo nao walibishana kwa miaka kabla ya kufunga hata mita moja.