Agosti Utakuwa Wapi?

Mpwa wangu alipopiga simu kutoka Maseno na kusema atajiandikisha kuwa mpiga kura huko huko anakosoma, nyumba yetu ya Majengo, Mombasa, haikukalika. Mama yangu, ambaye ndiye bibi yake na ndiye aliyemlea, aliipokea habari ile kama aliyeambiwa mjukuu ameoa bila posa. "Mtoto tumemsomesha sisi, kura yake ikae bara?" Akanigeukia mimi. "Nenda ukazungumze naye. Ya simu hayaishi." Ndivyo nilivyofunga safari ya Kisumu, mji ambao hadi Novemba ile ya 2025 niliujua kwa redio na ramani tu.

Mama si mtu wa siasa. Anachokijua ni gharama ya kura kwa watu wa kwetu. Vijana wengi wa pwani wamepata kitambulisho baada ya kuulizwa ukoo mzima. Mimi mwenyewe nilizungushwa na ofisi moja miezi na miezi, nikitakiwa nilete hati ya kuzaliwa ya babu aliyezaliwa zama ambazo hati hizo hazikujulikana mtaani kwetu, na uchaguzi ukapita nikiwa na karatasi ya kusubiria mkononi. Karatasi hiyo haisaidii. Bila kitambulisho chenyewe au pasipoti, karani wa tume ya uchaguzi hawezi kukuandikisha. Kwa hiyo kwetu mtu akishaipata haki hii, nyumba nzima hutaka kujua ataitumia wapi.

Basi la usiku kutoka Nairobi lilifika Kericho kukipambazuka. Chai imetanda pande zote mbili za barabara, na baridi ilinifanya nijifunike leso mbili. Kisha gari likaanza kuteremka, na kila mteremko ulipoisha nilivua kitu. Tulipofika nyanda za Kano, kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, joto lilikuwa la kwetu kabisa. Abiria mwenzangu, mama wa makamo aliyekuwa akirudi nyumbani, alinionyesha mto Nyando na kunieleza jinsi mafuriko yanavyowahamisha watu wa pale. Nikamwambia natoka Mombasa. "Basi wewe umefuata reli," akasema. Kweli. Reli iliyoanzia kwetu ilifika huku kwenye ufukwe wa ziwa Desemba 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence kabla jina la Kisumu halijashika.

Kisumu ni mji wa tuktuk, jambo lililoniondolea ugeni mara moja. Lakini ziwa lilinichanganya. Upepo ni ule ule wa pwani, mashua zipo, kunguru wapo, ila ukilamba midomo hakuna chumvi. Siku ya kwanza, mpwa wangu akiwa bado na mtihani, nilikwenda peke yangu hadi Dunga, ufukweni mwa ziwa, na huko ndiko safari yangu ilikopata swali lake.

Omena walikuwa wameanikwa juu ya vyandarua ardhini, weupe wa fedha, wembamba kuliko dagaa niliowazoea. Wanawake walipita katikati wakiwageuza kwa fagio, kwa mkono mwepesi ili wasivunjike. Nikaketi karibu na mmoja wao chini ya kivuli cha bati, naye akanipa bei, akanipa kiti, kisha akaniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamweleza habari ya mpwa na bibi yake. Hakucheka. Aliacha kugeuza samaki.

Binti yake, akasema, aliingia chuo huko Eldoret kabla ya uchaguzi wa 2022. Waandikishaji wakafika chuoni, vijana wakapanga foleni, naye akaandikishwa na kurudi na furaha tele. Tarehe 9 Agosti 2022, siku ya kura, chuo kilikuwa kimefungwa na binti alikuwa hapa hapa Dunga. "Mimi na baba yake tulienda kupiga kura saa kumi na moja asubuhi. Yeye alibaki anageuza omena. Jina lake liko Eldoret, nauli ya kwenda na kurudi hatuna. Alilia, dada yangu." Akainuka, akachukua fagio lake. "Huyo wako, Agosti ikifika atakuwa wapi? Muulize hilo tu."

Sheria ya Kenya haina njia ya mkato hapa. Unapiga kura kwenye kituo ulichoandikishwa, si kwingine. Katiba nayo imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Agosti ni mwezi ambao wanafunzi wengi wa vyuo vikuu wametawanyika: wengine likizo, wengine kwenye mafunzo ya kazini, wengine wamehitimu na hosteli zimeshapokea watu wengine. Kijana akiandikishwa kwenye geti la chuo bila kuulizwa swali la mama yule, jina lake linaingia kwenye daftari na kura yake haifiki debeni.

Kesho yake nilipanda matatu ya Maseno. Ukiacha mji, ziwa linabaki kushoto hadi Kisian, kisha barabara inapanda vilima vyenye mawe makubwa na hewa inapoa. Maseno iko juu ya mstari wa ikweta, na kuna kibao kando ya barabara ambapo wageni hupiga picha. Kisumu na Vihiga zimeugombania mji huu kwa miaka mingi, kila kaunti ikisema ni wake. Nilipolisikia hilo nilielewa kuwa hata kwa mwenyeji, kujua wewe ni wa wapi hapa kunahitaji mjadala, seuze mtoto wa Majengo.

Mpwa wangu alinipokea na kikundi cha wenzake. "Shikamoo mama mdogo," akasema, na wenzake wote wakafuata kwa "Karibu, anti." Walikuwa wamejitolea kupita darasa hadi darasa na hosteli hadi hosteli kuwahimiza wenzao wajiandikishe. Uandikishaji wa kila siku ulikuwa umerejea tangu tarehe 29 Septemba katika ofisi za tume kwenye maeneobunge na katika vituo vya Huduma. Tume ilitaka wapiga kura wapya zaidi ya milioni 6 kabla ya 2027. Si mara ya kwanza kutaka hivyo: Oktoba 2021 ililenga milioni 6 kwa mwezi mmoja ikapata kama milioni 1.5. Na katika daftari la 2022, lenye watu 22,120,458, vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40, tena walikuwa wachache kuliko 2017.

Niliwafuata hadi hosteli moja jioni ile. Nilidhani watakaokataa watakuwa wavivu. Sivyo. Kijana mmoja wa Kondele, mjini Kisumu, alisimama mlangoni mwa chumba chake akazungumza kwa upole hadi nikaona haya ya kumkatiza. Mwaka 2017 alikuwa darasa la saba. Anakumbuka polisi mtaani baada ya uchaguzi, anakumbuka habari za Samantha Pendo, mtoto wa miezi sita aliyekufa baada ya polisi kuvamia nyumba yao Nyalenda usiku. Anakumbuka kwamba mahakama ya juu ilifuta uchaguzi wa urais, na uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba haukufanyika kabisa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. "Baba alipiga kura maisha yake yote," akasema. "Baba alimpigia Raila mara zote tano. Raila amekufa mwezi uliopita. Mimi nianzie wapi?"

Wenzake hawakumjibu kwa maneno ya bango. Msichana wa mwaka wa pili alimwambia kwamba siku ya kura atapewa karatasi 6: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi. Akataja bei ya hosteli za nje ya chuo, giza la barabara ya kurudi usiku, mikopo ya masomo, bajeti inayopitishwa na wabunge. Akamkumbusha Juni 2024, vijana walipojaa barabarani nchi nzima, Kisumu ikiwemo, na rais akakataa kutia sahihi Mswada wa Fedha. "Tulitoka bila kuogopa risasi, tuogope foleni?" Mimi nikaongeza jambo moja tu, kwamba Raila Odinga alishindwa urais 2022 kwa kura 233,211, na kwamba vijana wasiojiandikisha mwaka ule walikuwa mamilioni. Kijana alisema atafikiri. Namheshimu kwa jibu hilo.

Baadaye tuliketi nje, na mimi nikawa nafikiria kwamba tuko Maseno, mahali Jaramogi Oginga Odinga, baba yake Raila, aliposoma na kufundisha kabla ya siasa. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipopiga kura ya kwanza ya kuchagua wajumbe wao 8 wa baraza la kutunga sheria, Jaramogi alimshinda B. A. Ohanga, aliyekuwa waziri wa kwanza Mwafrika. Lakini si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Serikali ya kikoloni ilipima elimu, kipato, mali na utumishi, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura 3, huku jirani yake asiyesoma akikosa hata moja. Leo msomi na mchuuzi wa omena wana kura moja moja, na ni miaka 18 inayotakiwa, umri ulioshushwa kutoka 21 mwaka 1974. Niliwaambia vijana wale habari hii na msichana wa mwaka wa pili akainakili kwenye daftari lake.

Ndipo nikalitoa swali la Dunga. Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu. Agosti 2027 atakuwa amemaliza. Alinyamaza, kisha akatetea uamuzi wake vizuri: maji ya Maseno ndiyo anayokunywa, wadi ya hapa ndiyo inayomnyima taa za barabarani, kwa nini asichague wanaomtawala leo? Ni hoja nzito na sikuipuuza, hata nikijua mama angenikemea. Mwanafunzi anayebaki Maseno, aliyepata kazi au biashara hapa, ana haki kamili ya kura ya hapa, na wenyeji hawana cha kumnyima. Lakini kura hupigwa siku moja, na siku hiyo yeye hatakuwapo.

Akaamua atajiandikisha Mombasa akija likizo ya Desemba. Sikushangilia mbele ya wenzake, kwani waliona kazi imeongezeka. Daftari lao lilikuwa na majina, namba za simu na alama ya waliokwisha kujiandikisha. Msichana wa mwaka wa pili akachukua rula, akapiga mstari, akaongeza safu mpya, na juu yake akaandika: Agosti.

Safu hiyo tulikwenda nayo Bondo, kwenye chuo kikuu kinachobeba jina la Jaramogi. Kutoka Kisian barabara inapita karibu na majabali ya Kit Mikayi, kisha Akala na Ndori. Magari yaliyokuwa mbele yetu yalikata kwenda Kang'o ka Jaramogi, Raila alikozikwa tarehe 19 Oktoba, na waombolezaji walikuwa bado wanamiminika. Sisi tulikwenda moja kwa moja chuoni, tukaketi chini ya mti na kuuliza kila aliyepita.

Majibu yalitofautiana kuliko nilivyodhani. Wengi ni watoto wa Siaya. Wao watakuwa nyumbani, na nyumbani si mbali. Mmoja wa Ugunja alielezwa asubiri, maana kwao kulikuwa na uchaguzi mdogo tarehe 27 Novemba na uandikishaji ulikuwa umesimamishwa, kama ilivyokuwa Magarini kwetu pwani. Mwingine alikuwa ameandikishwa Nakuru tangu 2022 na amehamia Bondo na mkewe. Huyu tulimweleza kwamba anaweza kuhamisha kura yake, mradi aijulishe tume si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Alishangaa. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Waliobaki walikuwa wale ambao safu ya Agosti haikuwahusu bado, kwa sababu hawana kitambulisho. Mmoja alitoka Tana River, na alipotaja hati za babu tulitazamana tukaelewana bila mengi. Karatasi yake ya kusubiria ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi wino umefutika kwenye mikunjo. Msichana wa Maseno aliandika jina lake kwenye ukurasa wa peke yake, akamuuliza ameomba lini na katika ofisi ipi, kisha wakakubaliana kwamba Jumatatu watakwenda pamoja kuulizia, na kwamba wasipopewa jibu watarudi Jumatatu inayofuata.