Kidole si Kipimo

Miaka ya tisini, nilipokuwa spanaboi kwenye gereji ya malori Dar es Salaam, giaboksi ya Scania tuliirudisha kwa nguvu za watu. Mmoja alilala chali juu ya boksi la karatasi lililofunuliwa, wawili wakasukuma kwa mtaimbo, mwingine akaitawala jeki ya magurudumu. Giaboksi ile huzidi kilo 200.

Kunyanyua kulichosha, ila siko kulikotuumiza zaidi. Mgongo huanza kulalamika mapema; vidole havionyi. Vidole viliondoka kwenye sentimita ya mwisho, shafti ikishaingia kwenye klachi na matundu ya bolti yakitafutana. Fundi alichomeka kidole cha shahada na kupapasa: kikipita, matundu yamelingana. Mwenzake akisukuma wakati huohuo, au jeki ikilegea kidogo, matundu yale yanapishana kama mkasi. Na kwa kuwa wote tulipapasa hivyo kila siku, aliyekatika alihesabiwa mzembe. Kesho yake dogo mwingine alichomeka kidole palepale.

Silinda hedi ilikuwa na visa vyake. Wawili wanaishika kwa chini, wanaituliza sakafuni. Wa kwanza kuachia ameokoka, wa pili vidole vimebaki kati ya chuma na zege. Pete za ndoa nazo zilikuwa na vyake. Fundi mmoja aliruka kutoka juu ya lori, pete ikanasa kwenye bolti ya bodi, ngozi yote ya kidole ikavuliwa mfupa ukabaki mtupu. Tangu siku hiyo pete zilivuliwa asubuhi, wake zetu wapende wasipende.

Kidole kilichokatika tulikitupa, au mwenye akili akakitumbukiza kwenye barafu. Baadaye nesi mmoja alitufokea: kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, mfuko ndio ukae juu ya barafu. Barafu ikigusa nyama inaiua.

Dawa ya kwanza ya bosi ilikuwa glavu. Glavu huzuia mikwaruzo na moto kidogo; chuma cha kilo 200 hakiitambui, na penye mashine inayozunguka ndiyo kwanza inavuta mkono ndani. Kisha ikaja cheni bloku ya kunyanyulia, tukashangilia. Lakini mzigo unaoning'inia huyumba, nasi tukauongoza kwa viganja.

Kilichotuponya hakikununuliwa. Fundi mmoja mzee aliyehamia kwetu alikata vichwa vya bolti mbili ndefu, akazifunga kwenye matundu mawili ya upande wa injini, moja kushoto na moja kulia. Giaboksi ikateleza juu yake hadi ikakaa yenyewe, ndipo zikafunguliwa, bolti za kawaida zikaingia. Hakuna cha kupapasa. Hedi nazo akaziwekea vipande vya mbao sakafuni, vidole vipate pa kutokea. "Mzee, mbona hukusema mapema?" tulimuuliza. Alikuwa na wiki mbili tu pale.

Mabosi walichelewa zaidi kuelewa. Kwa sheria ya fidia iliyorithiwa kwa mkoloni, aliyelemaa kabisa alilipwa kiwango cha juu cha shilingi 108,000. Kwa hesabu hiyo ncha ya kidole ilikuwa rahisi kuliko cheni bloku. Sheria ya fidia ya 2008 ilibadilisha viwango, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai 2015. Mwajiri sasa anachangia, na ajali anapaswa kuitolea taarifa. Taarifa inataka maelezo, na neno "uzembe" peke yake halijazi karatasi. Hapo ndipo nilipomsikia bosi, kwa mara ya kwanza, akiuliza kazi ilikuwa inafanywaje.

Kwenye gereji za kando ya barabara wengi bado wanapapasa. Bolti chakavu na msumeno wa chuma wanavyo. Mwenye lori tu ndiye amesimama pale, funguo mkononi, anauliza gari inatoka saa ngapi.